Dakta Johann Ludwig Krapf (1810–1881): Mtumishi wa Neno, na Suala la Picha, Makaburi na Minara ya Kumbukumbu

Kuzaliwa na Malezi

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima, nao walikuwa watu wa Kanisa la Kilutheri. Alikua katika nchi ambayo uamsho ulikuwa umeigusa kwa miaka mingi, ambako Wakristo wa kawaida walizoea kukutana majumbani kusoma Biblia na kuomba.

Ili kuielewa imani ya kijana huyu, ni lazima kwanza kuyatazama makanisa aliyoabudu ndani yake. Kanisa la Württemberg lilishika mafundisho ya Martin Luther, lakini ibada yake ilikuwa ya namna ya pekee. Ilikuwa ibada nyepesi, yenye nyimbo, maombi na mahubiri, na mapambo yake yalikuwa machache. Jambo hili lilikuwa na historia yake. Mwezi Septemba 1537, wanatheolojia walikutana katika mji wa Urach kwa amri ya Mtawala Ulrich, ili wajadili kama picha na sanamu za zamani zibaki makanisani au ziondolewe. Johannes Brenz alitaka subira, akiona kwamba picha isiyoabudiwa haina madhara. Ambrosius Blarer alitaka ziondolewe zote. Mtawala akakata shauri upande wa kuziondoa.

Kwa uamuzi huo Württemberg ilikwenda mbali kuliko Luther mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1522, Luther alipokuwa mafichoni Wartburg, watu wa Wittenberg wakiongozwa na Andreas Karlstadt walianza kuziondoa na kuzivunja sanamu za makanisani. Luther alirudi mwezi Machi mwaka uo huo na kuhubiri siku nane mfululizo. Hakuzitetea sanamu, alizihesabu kuwa jambo dogo ambalo kanisa lingeweza kuwa nalo au kutokuwa nalo. Alichokipinga ni nguvu. Alifundisha kwamba sanamu iliyo hatari ni ile iliyomo moyoni, na hiyo haivunjwi kwa nyundo bali kwa Neno linalohubiriwa. Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534 ilitoka ikiwa na picha nyingi, kwa kuwa aliona kwamba picha inaweza kumfundisha mtu, mradi mtu huyo asiielekezee maombi wala kuitegemea.

Hivyo Krapf alirithi mambo mawili. Katika mafundisho alirithi uhuru wa Luther. Katika mazoea alirithi kuta nyeupe za Württemberg. Maisha yake yote yalikuwa kati ya mambo hayo mawili.

Mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 17, aliingia katika seminari ya misioni ya Basel, Uswisi. Baadaye alitoka, akasoma theolojia Tübingen hadi mwaka 1834, kisha akawa msaidizi wa mchungaji vijijini. Peter Fjellstedt, mmisionari Mswidi, ndiye aliyemwamsha tena katika wito wake wa kwanza. Kwa njia hiyo mwana wa Kanisa la Kilutheri aliingia katika utumishi wa Chama cha Misioni cha Kanisa la Kiingereza, CMS, ambacho wakati ule kilipokea Wajerumani wengi kwa kuwa Waingereza waliojitoa walikuwa wachache. Mwaka 1837 alianza safari kwenda Ethiopia.

Katika Nchi ya Picha Takatifu

Ethiopia ilikuwa nchi ya Kikristo kwa zaidi ya miaka 1,400 kabla Krapf hajafika. Makanisa yake yalijaa rangi. Kutani palichorwa Mama Mariamu akiwa amembeba Mtoto, Mtakatifu Georgi juu ya farasi, malaika na mashahidi. Makasisi walibeba misalaba ya mkononi, na waumini waliibusu kila walipokutana nao njiani. Mgeni aliyetoka katika kuta nyeupe za Württemberg alijikuta amezungukwa na vile vile vitu ambavyo baba zake wa imani walikuwa wameviondoa miaka 300 iliyotangulia.

Krapf alifika Adwa, katika Tigray, akawakuta wamisionari wenzake waliotangulia, miongoni mwao Karl Wilhelm Isenberg. Kabla hajakaa sana wote walifukuzwa, mwezi Machi 1838. Mwaka uliofuata alikwenda Shewa, ambako Mfalme Sahle Selassie alimpokea, akakaa Ankober na jirani zake hadi mwaka 1842. Huko alifundisha, akajifunza lugha, na kuanza kutafsiri Injili kwa lugha ya Waoromo.

Katika miaka ile mabishano na makasisi yalikuwa mengi. Yalihusu maombezi ya watakatifu, heshima apewayo Mariamu na sheria za kufunga. Wamisionari walisisitiza kwamba Mpatanishi ni mmoja tu, Yesu Kristo. Makasisi walisikia katika maneno hayo dharau kwa Mama wa Bwana na kwa imani ya baba zao. Kila upande ulisema juu ya Kristo yule yule, na kila upande uliondoka ukidhani mwingine amemvunjia heshima. Krapf alipotoka Shewa mwaka 1842 hakuruhusiwa kurudi tena.

Hapa historia haina budi kusema kweli pande zote mbili. Hoja ya Krapf ilisimama juu ya Maandiko. Lakini kanisa lile lilikuwa limeilinda imani kwa karne nyingi, na waumini wake wengi hawakujua kusoma. Kuta zilizochorwa zilikuwa Biblia yao. Mmisionari aliyeanza kwa kugusa kile ambacho watu wanakipenda alipata mabishano mengi na wasikilizaji wachache. Lile alilolifundisha Luther mwaka 1522, kwamba Neno litangulie na mengine yafuate kwa wakati wake, lilihitaji kujifunzwa upya katika milima ya Shewa.

Pamoja na hayo, Krapf aliondoka Ethiopia akiwa na heshima kubwa kwa vitabu vya nchi ile. Alikusanya miswada ya kale ya Kiethiopia na kuipeleka Ulaya, nayo hata leo inawasaidia wataalamu. Picha hazikumvuta, maandiko yalimvuta. Tabia hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa kazi yake kubwa zaidi.

Kaburi la Rosine

Mwaka 1842 Krapf alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu kurudi Ethiopia walizuiliwa, na katika safari hiyo binti yao wa kwanza alizaliwa na kufa jangwani. Ndipo Krapf alipogeuza uso kuelekea pwani ya Afrika Mashariki. Mwezi Januari 1844 walifika Zanzibar, na Sultani Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi Mei familia ilihamia Mombasa.

Miezi miwili haikupita. Mwezi Julai 1844 homa iliwakamata wote wawili, wakati Rosine alikuwa amejifungua binti wa pili. Rosine alifariki tarehe 13 Julai, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kusimama imara.

Kabla ya kufa Rosine alikuwa ametoa ombi. Hakutaka azikwe ndani ya kisiwa, bali ng'ambo, upande wa bara, katika nchi ya watu ambao kwa ajili yao walikuwa wamekuja. Alitaka wapita njia walione kaburi lake na kuulizana kwa nini watu hawa wametoka mbali kuja kufa hapa. Kwa jinsi hiyo alitumaini kuendelea kuhubiri baada ya sauti yake kunyamaza. Krapf alitimiza ombi hilo. Naye alipowaandikia wakuu wa chama huko London hakuomba arudishwe nyumbani. Aliwaarifu kwamba sasa liko kaburi moja la mmisionari katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hilo liwe kwao dalili kuwa kazi ya kuifikia sehemu hii ya ulimwengu imeanza.

Msomaji na alitafakari jambo hili. Mtu aliyelelewa katika kanisa lililoondoa sanamu zake, aliyebishana Ethiopia juu ya watakatifu, sasa analiona kaburi la mkewe kuwa ishara. Je, alijipinga mwenyewe? Jibu limo katika ombi la Rosine. Hakutaka watu waje kaburini kuomba kitu. Hakutaka taa iwashwe wala sadaka iwekwe. Alitaka kaburi liamshe swali, na swali hilo limpeleke mtu kwa Kristo. Ishara yoyote inayomwelekeza mtu mbele inatofautiana na sanamu inayomsimamisha pale pale ilipo.

Rabai na Kumbukumbu za Wenyeji

Mwezi Juni 1846 Johannes Rebmann, kijana kutoka Gerlingen katika Württemberg, alifika kumsaidia. Mwezi Agosti mwaka huo wawili hao, wakiwa bado dhaifu kwa homa, walihamia Rabai katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, kwa watu ambao wakati ule waliitwa Wanyika na leo wanajulikana kama Wamijikenda.

Huko Krapf alikutana na namna nyingine ya kuwakumbuka wafu. Wamijikenda waliwaheshimu koma, yaani roho za wazee waliokufa, na walipeleka chakula na kinywaji makaburini. Miongoni mwao, hasa Wagiriama, wazee wa chama cha gohu walipofariki walichongewa vigango, nguzo ndefu za mti mgumu zilizotiwa nakshi na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu. Tena ilikuwako mwanza, ngoma ya siri ambayo sauti yake ilitisha, na ambayo wanawake na wasiohusika hawakuruhusiwa kuiona.

Krapf aliyapinga mambo haya waziwazi. Aliwaambia wazee kwamba wafu hawahitaji kulishwa, na kwamba hofu ya kitu kilichotengenezwa kwa mikono ya watu haimfai mtu aliyeumbwa na Mungu. Wazee walimsikiliza kwa adabu, na mara nyingi waliachana bila kukubaliana. Mavuno yalikuwa machache sana. Wa kwanza kuamini alikuwa Mringe, mtu mlemavu na maskini, aliyebatizwa akiwa karibu na mauti. Hakuwa mtu wa cheo, na hakuna nguzo iliyochongwa kwa ajili yake, lakini kila historia ya kanisa la pwani inalitaja jina lake.

Katika sehemu hii pia pana jambo la kupima kwa haki. Krapf alikuwa sahihi kufundisha kwamba maombi yasielekezwe kwa wafu. Lakini kama wamisionari wengi wa karne yake, alielekea kuona giza tu mahali ambapo palikuwa pia na upendo wa watoto kwa baba zao. Kigango kilikuwa kimebeba mambo mawili kwa pamoja: hofu ya koma, na heshima kwa mzee aliyeilea jamii. La kwanza lilistahili kujibiwa kwa Injili. La pili lilistahili kutambuliwa.

Hasara ya kutotambua ilionekana baadaye. Katika karne ya 20, heshima ya vigango ilipopungua kwa sababu nyingi, vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo, vikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka makumbusho mawili ya Marekani, na vingine vimefuata. Misitu ya kaya za Wamijikenda nayo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mkristo hana wajibu wa kuiomba nguzo ya mti. Lakini hana ruhusa ya kufurahi kaburi la jirani yake linapoporwa. Amri inayokataza kuabudu sanamu na amri inayokataza kuiba zimeandikwa katika sura moja, Kutoka 20.

Kumbukumbu Iliyo Katika Lugha

Mwaka 1844, muda mfupi kabla ya kifo cha Rosine, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili cha Mombasa, akisaidiwa na mwanachuoni wa Kiislamu wa mji ule. Waislamu wa Mombasa hawakuwa na picha katika misikiti yao. Kwao pia neno lililoandikwa lilikuwa juu ya sanamu yoyote. Pengine ndiyo sababu mazungumzo ya kazi hii yalikuwa rahisi kuliko mabishano ya Shewa.

Kiswahili wakati ule kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Krapf alichagua herufi za Kilatini, na uchaguzi huo umedumu hadi leo. Mwaka 1850 alichapisha maelezo ya sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Wengine walijenga juu ya msingi huo, na Biblia nzima ya Kiunguja ilipatikana mwaka 1891. Hatimaye mwaka 1952 ilitolewa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, ambayo sharika za Kilutheri kutoka Kilimanjaro hadi Mara zimeisoma kwa vizazi.

Katika miaka ya Rabai, safari pia zilikuwa nyingi. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Krapf alikwenda Usambara kwa Mfalme Kimweri mwaka 1848, na mwaka 1849 akiwa Ukambani aliuona mlima Kenya. Wataalamu wa Ulaya walicheka habari ya theluji karibu na ikweta. Watumishi hawa hawakutafuta sifa kwa milima, walitafuta njia. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misioni kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi.

Ndoto hiyo hakuiona ikitimia. Afya ilimrudisha Ulaya mwaka 1853. Alirudi kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi huko Ribe. Hata hivyo, mwito wake uliwagusa Walutheri wa Bavaria, ambao mwaka 1886 walianza kituo cha Jimba karibu na Rabai. Mwaka 1893 kazi yao iliingia mikononi mwa Misioni ya Leipzig, na mwaka huo huo Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro. Kazi nyingine za Kilutheri zilikuwa zimeanza Dar es Salaam mwaka 1887 na kusini mwa nchi mwaka 1891. Kutoka katika mizizi hiyo na mingine, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa tarehe 19 Juni 1963.

Mwisho wa Maisha Yake

Krapf aliishi miaka yake ya mwisho Korntal, karibu na Stuttgart. Korntal ilikuwa jumuiya ya ndugu wa uamsho iliyoanzishwa mwaka 1819, na kitovu chake kilikuwa ukumbi mkubwa wa ibada. Huko aliendelea na maandiko yake ya lugha za Ethiopia na Afrika Mashariki. Rebmann, baada ya kukaa Afrika miaka 29 bila kurudi nyumbani hata mara moja, alifika Korntal akiwa kipofu, akafariki mwaka 1876. Tarehe 26 Novemba 1881 Krapf mwenyewe alikutwa amefariki chumbani mwake, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda katika hali ya kuomba.

Minara Miwili ya Namna Mbili

Mtu huyu asiyependa sanamu hakusahauliwa. Huko Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upo mnara wa kumbukumbu ya Krapf, na kaburi la Rosine linatunzwa. Rabai ina makumbusho yenye jina lake, yaliyoanzishwa mwaka 1994. Jijini Nairobi, jengo la ubalozi wa Ujerumani limepewa jina la Ludwig Krapf. Mwenyewe hakuomba lolote kati ya hayo.

Yafaa kuulinganisha ukumbusho huu na mwingine uliosimamishwa na Wajerumani katika ardhi ya Tanzania. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi yaliyoizima vita ya Abushiri pwani. Gavana alichongwa amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipouteka mji waliiondoa sanamu ile na baadaye ikapelekwa Hamburg, ikasimamishwa tena mwaka 1922. Dar es Salaam ilipata Sanamu ya Askari mwaka 1927, ambayo ingalipo katikati ya jiji. Huko Hamburg, wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha sanamu ya Wissmann mwaka 1968, kwa kuwa waliona inasifu dhuluma.

Sanamu ya shaba, iliyowekwa kwa nguvu ya dola, ilidumu Dar es Salaam miaka isiyofika 10. Kaburi la mwanamke mmoja mgonjwa, lililochimbwa kwa machozi ng'ambo ya Mombasa, linakaribia miaka 200. Sanamu ya Wissmann iliwaambia watu wainue macho wamtazame mkubwa. Kaburi la Rosine liliwauliza wapita njia swali. Waliokuja baadaye hawakuona sababu ya kulivunja, kwa kuwa halikumdhalilisha mtu yeyote.

Mafundisho kwa Kanisa Katika Mkoa wa Mara

Maisha ya Krapf yana la kusema kwa Wakristo wa Kemambo na Mara yote, mahali ambapo majirani wana desturi mbalimbali. Wakatoliki wapo Nyegina tangu mwaka 1911, na katika makanisa yao zimo sanamu za Bwana, za Mama Mariamu na za watakatifu. Wamenoni walianza Shirati mwaka 1934, na nyumba zao za ibada ni za unyofu bila sanamu. Asili yao ni Zürich, ambako picha ziliondolewa makanisani mwaka 1524 na ubatizo wa kwanza wa waumini watu wazima ulifanyika Januari 1525. Waadventista nao hawaweki sanamu. Mlutheri anakaa katikati ya hao, ana madhabahu, msalaba, mishumaa, na pengine picha ukutani. Na mara nyingi huulizwa kwa nini asiviondoe, au kwa nini asiongeze.

Jibu la Kilutheri ni lile la mwaka 1522. Msalaba juu ya madhabahu hauombwi. Unamkumbusha mwabudu ni nani anayeombwa. Ukiondolewa, wokovu haupungui. Ukiwapo, wokovu hauongezeki. Mwenye uhuru huo hana sababu ya kumdharau Mmenoni kwa kuta zake tupu, wala kumhukumu Mkatoliki bila kumsikiliza. Yafaa pia kukumbuka kwamba Walutheri wa zamani waliwatesa baba wa Wamenoni, na kwamba mwaka 2010, katika mkutano wake wa Stuttgart, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliwaomba Wamenoni msamaha kwa tendo hilo. Sanamu ya mti inaweza kuondolewa kanisani kwa siku moja. Kiburi cha dhehebu ni sanamu iliyo ngumu zaidi kuondoa.

Suala hili huja kwa uzito pale usharika unapotimiza miaka 100. Jubilei huleta mawe ya kumbukumbu, majina yaliyochongwa, picha za waasisi na minara. Maandiko yenyewe yanaonyesha njia zote mbili. Katika Yoshua 4, Israeli walisimamisha mawe 12 yaliyotolewa katika Yordani, ili watoto waulize maana yake na wazazi wasimulie matendo ya Mungu. Samweli naye alisimamisha jiwe, akaliita Ebenezeri. Lakini katika 2 Wafalme 18, Hezekia aliivunja nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa, kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Ile nyoka ilikuwa imetengenezwa kwa agizo la Mungu na ilikuwa imeokoa maisha ya wengi. Hata kumbukumbu njema, isipoelezwa tena maana yake, hugeuka kuwa kikwazo.

Watu wa Mara wanajua uzito wa kaburi. Tangu Oktoba 1999, Mwalimu Julius Nyerere alipozikwa Butiama, maelfu wamefika pale kutoa heshima. Anayefika na kutoka akiwa na nia ya kutenda haki amelielewa kaburi lile. Anayefika kupigwa picha tu, kisha akarudi katika rushwa, ameliona jiwe na kumkosa Mwalimu.

Ndivyo ilivyo kwa kila jiwe la jubilei. Jiwe linaloorodhesha majina ya wachungaji na wafadhili, likawasahau wainjilisti waliotembea kwa miguu na akina mama waliobeba maji na mchanga wa ujenzi, linafanana na Wissmann aliye juu na askari aliye chini. Jiwe linalomfanya mtoto aulize, na linalompata mzee wa kumjibu, linafanana na mawe ya Yordani. Hivyo kazi ya kumbukumbu haimaliziki siku ya kuzindua jiwe. Humo katika usharika lazima wawepo watu wanaojua habari yake na kuisimulia katika shule ya Jumapili, katika darasa la kipaimara na majumbani.

Dakta Krapf aliacha makaburi mawili madogo pwani, muumini mmoja mlemavu, kamusi moja, na mwanzo wa Biblia katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Hakuacha sanamu. Lakini kila Jumapili, mlangoni pa kanisa lolote la Mara, mtoto anapofungua Biblia yake ya Kiswahili na kusoma kwa herufi alizozichagua mtumishi yule, kumbukumbu hiyo inafanya kazi yake, hata kama mtoto hajawahi kulisikia jina la Krapf. Bwana aliye Kichwa cha Kanisa na alijalie kanisa lake kumbukumbu za namna hiyo, kwa miaka 100 mingine na zaidi.